Maandishi Meupe Kwenye Omo ya Manowari

Juzi pale Mbaraki mmoja wenu vijana wa kukata meli, mwenye kofia ya manjano, aliniona nikigonga kifuniko cha tangi kwa kifundo cha kidole kabla sijakikalia. Mkacheka. Mwenzake akasema mzee anawapigia hodi majini. Sikujibu, kwa sababu jibu lake ni refu na chai ilikuwa ikipoa. Leo nimeketi, kalamu ninayo, nitawajibu.

Mimi si mtu wa kazi moja. Shule niliiacha darasa la tano. Nimekoroga halua Mji wa Kale, nimepaka rangi mashua Liwatoni, nimekuwa utingo wa lori la Garissa, nimechana tiketi kwenye mlango wa sinema. Kazi nyingine zote hazikunishika hata miaka miwili. Kukata meli kuukuu ndiko kulikonishika, tena kwa muda mrefu, na nadhani sababu ni kwamba meli kuukuu haikuishii maswali. Ukimaliza kuuliza hiki ni nini, unauliza nani alikitia hapa, na kwa nini alikitia kwa haraka.

Wakati huo hatukuwa na hivi vipima hewa mnavyovining'iniza vifuani, vinavyolia kama vifaranga. Msivivue kwa sababu ya joto. Tulikuwa na pua zetu, na pua hainusi kisichokuwepo.

Fundi wetu mkuu alikuwa Fundi Athmani wa Kibokoni, mtu mfupi, mtaratibu, aliyefanya kazi chelezoni, panapotengenezwa meli, tangu ujana wake. Alibeba nyundo ndogo ya shaba, kwa kuwa shaba haitoi cheche, na siku nzima ya kwanza ya kila meli hakuruhusu mtu kuwasha moto wa gesi. Aligonga tu na kusikiliza. Ukimuuliza tunaanza lini, atakwambia, "Nieleze kwanza hii meli ilikwenda wapi na ilipigwa wapi." Tukidhani ni mbwembwe za uzee. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na mtu yeyote mwenye mvi niliona ana mbwembwe.

Meli ninayotaka kuwaeleza ilivutwa na tagi hadi yadi yetu ikiwa haina injini, haina mizinga na haina jina. Karani alikuwa na ramani yake na karatasi moja ya Kiingereza iliyokuja nayo, karatasi nikapewa mimi niisome. Kiingereza changu nilikipata kwenye magazeti yaliyofungiwa mahamri, kwa hiyo maneno ya vita na ya mpira niliyajua vizuri kuliko maneno ya adabu. Karatasi ilisema hii ilikuwa manowari ya Japani, ya aina iitwayo distroya: nyembamba, ya mbio, iliyoundwa kusindikiza meli za mizigo na kuwinda nyambizi. Katika Vita vya Pili ilisindikiza misafara kule Mashariki ya Mbali, mpaka nyambizi ikaiwinda yenyewe. Kombora likaikata omo, yaani sehemu yote ya mbele. Mabaharia wakaziba kwa mbao na magodoro, wakairudisha kinyumenyume, tezi ikitangulia, siku kadhaa baharini hivyo hivyo, hadi bandari ya kisiwa kimoja. Huko ikapewa omo mpya kwa haraka, ikarudi vitani. Vita vilipokwisha ikavuliwa mizinga, ikawa ya kuwarudisha askari makwao. Kisha washindi wakaichukua, ikawa ghala la kuelea, ikauzwa, ikauzwa tena, hata ikatufikia.

Fundi Athmani akasema, "Soma tena hapo pa omo." Nikasoma. "Tena." Nikasoma tena. Akaomba ramani ya meli, akaitazama, akaikunja, akaikalia wakati wa chakula. Nikamuuliza mbona. Ramani ile ilichorwa meli ilipokuwa mpya.

"Hii ni picha ya bibi arusi," akasema. "Mimi nataka kumjua aliyekwisha kuzaa wana sita."

Basi kwa wiki nzima tukaisoma ile meli kwa mikono. Haya yaangalieni, kwa sababu hata leo chuma hakijabadilika. Palipo na ribiti, ile misumari ya vichwa, zilizopangwa sawasawa kama shanga, ndipo ilipozaliwa. Palipolehemiwa matutamatuta, kama uji uliogandia chunguni, ndipo ilipoumizwa na kutibiwa na watu wenye haraka. Kwenye kuta za juu kulikuwa na viraka vidogo vya duara palipopita risasi, ukubwa wa sarafu, vingi upande mmoja kuliko wa pili. Nikakaa nikifikiri ni nani walikuwa wamesimama upande ule. Katika chumba kimoja palikuwa na rafu za mbao tatu tatu, walikolala wale askari waliorudishwa. Mmoja alikuwa amekwaruza mistari kwenye rangi, mstari kwa kila siku. Nilihesabu kumi na nne. Haya yote niliyaandika kwenye daftari la shule, lile ambalo shule ililikosa.

Mkataji stadi wa yadi alikuwa Mutiso, kutoka Ukambani, mtu mkubwa aliyeimba nyimbo za kanisa huku akikata, na mstari wake wa moto ulinyooka kama umepigwa rula. Mutiso naye aligonga vyuma, lakini kwa sababu yake. Kanisa la kwao halikuwa na kengele, na alikuwa amewaahidi atawaletea moja kutoka baharini. Kengele ya manowari ilikuwa imekwisha kuchukuliwa kabla haijafika Mombasa. Kwa hiyo kila alipopita alipiga mabomba, mabirika, vipete vya madirisha, akitega sikio. Fundi Athmani alimwambia, "Wewe wasikiliza sauti, mimi nasikiliza kimya. Tukikutana njiani, tupishane."

Na sasa desturi ya yadi, maana bila hiyo hamtaelewa. Anayefungua chumba ndiye anayechagua kwanza kitu kimoja kilichomo, awe nani awe nani, hata mwenye yadi hapingi. Desturi hiyo ilitufanya tuwe wepesi. Ilitufanya pia tuwe wajinga.

Jumanne Fundi Athmani aliniita omoni. Alitaka tuhesabu mataruma, zile mbavu za meli. Nje, kwa alama za ribiti, tulipata idadi moja. Ndani, hadi ukuta wa mwisho, zilipungua nne. Tukahesabu tena kwa kubadilishana, yeye ndani, mimi nje nikigonga kwa nyundo. Nne. Akauweka mkono kwenye ukuta kama anayempima mgonjwa homa.

"Wale walioiponya hawakuutoa ukuta uliovunjika," akasema. "Waliweka mwingine mbele yake. Katikati pana chumba kipofu."

Chumba kipofu ni kile ambacho hakimo ramanini, hakina kazi, na hakijafunguliwa tangu kilipofungwa. Tukatafuta mlango wake, tukaupata chini ya rangi, karibu na sakafu: kifuniko cha chuma cha umbo la yai, chenye nati pembeni, mtu mwembamba apite kwa mabega ya upande. Mimi, kwa udadisi tu, nikaanza kukwangua rangi nione ina ngozi ngapi. Kijivu, kijani, nyekundu, kijivu tena, na chini kabisa maandishi meupe ya Kijapani, mistari miwili. Nikayachora daftarini, fito kwa fito, nikajiona msomi.

Fundi Athmani akauliza yanasemaje. Nikamwambia bandarini Kilindini kuna meli ya Kijapani inapakua magari, nitampata mtu anisomee kesho.

"Hatukifungui mpaka umesomewa," akasema.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Nilitoka na daftari langu, na njiani Liwatoni nikakuta wanapandisha mashua yenye injini ya namna ambayo sikuwahi kuiona. Nikakaa pale hadi jioni. Alhamisi kulikuwa na mpira. Ndivyo nilivyokuwa, siwafichi: nilipenda kuanza kujua kuliko kumaliza kujua.

Ijumaa asubuhi Mutiso alinikuta kwenye mabomba nikinawa. Akauliza kama nimesomewa yale maandishi. Wiki nzima nilikuwa nikijisifu kwamba mimi ndiye msomaji wa meli. Nikaona haya kusema bado.

"Ni jina la meli tu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake akiimba.

Mchana sisi Waislamu tukaenda msikitini. Fundi Athmani alikuwa na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, iliyopigwa pasi hata mikono ikasimama. Baada ya sala yeye alibaki kusalimiana na watu, mimi nikatangulia. Nilipofika omoni nati zote zilikuwa chini, zimepangwa mstari, na kifuniko kimeegemezwa ukutani. Mutiso alikuwa ameketi kwenye ukingo wa tundu, miguu tayari ndani, kurunzi mkononi.

"Nimefungua mimi," akasema, akicheka. "Mashahidi mnaona."

Nyuma yangu walikuwa wawili watatu wa gengi, wakacheka nao. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno. Ilikuwa fupi, lakini ilitosha. Nikaliona lile neno nililomwambia asubuhi, nikaona nikilitoa sasa nitaaibika mbele ya watu. Nikanyamaza. Mutiso akayapindua mabega, akateleza ndani.

Tukasikia anagonga. Ting. Akasogea. Ting. Akasema kitu kuhusu kiatu, kwamba kuna kiatu. Halafu kurunzi ikaanguka, ikaviringika, ikasimama. Kisha hatukusikia kitu.

Nikamwita. Nikaingiza kichwa tunduni nimtazame, nikavuta pumzi moja. Sikusikia harufu yoyote, hiyo ndiyo iliyonidanganya. Nilimwona amelala kifudifudi, karibu, kama hatua tatu, na nikaona magoti yangu si yangu. Mtu akanishika mkanda kwa nyuma akanivuta, nikaanguka chali. Alikuwa Fundi Athmani, kanzuni.

Nikainuka nirudi ndani. Akanipiga kifuani kwa kiganja.

"Wa pili ndiye anayekufa kabisa," akasema. "Kaa."

Sasa nisikilizeni vizuri. Chuma kinapopata kutu, kutu hiyo hula hewa. Kifungie chuma miaka thelathini kwenye chumba kisicho na tundu, kitaila hewa yote ya kutufaa sisi, kikuachie iliyo sawa kwa macho na kwa pua, isiyoweza kumweka mtu hai. Pumzi mbili tatu, unalala. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba Mutiso amekosa hewa, na nyuma yangu umelala mpira wa mtungi wa oksijeni wa kukatia. Nikauchukua, nikaufungulia, nikaelekea tunduni. Nilidhani nimepata akili.

Fundi Athmani aliupiga mkono wangu kwa nyundo ya shaba. Hadi leo kidole hiki hakikunjiki.

"Utamchoma," akasema. Hakupaza sauti. "Kule kuna grisi, kuna rangi, kuna nguo zake. Ukijaza oksijeni, cheche ndogo kama ncha ya kucha inatosha. Washa kompresa. Lete ule mpira wa hewa ya kawaida."

Tukaiwasha, ikaunguruma, tukausukuma mpira ndani. Nikadhani basi, tumemaliza. Lakini Fundi alikuwa ameweka kiganja kwenye tundu akiupima upepo, akitikisa kichwa. Hewa ilikuwa inaingia na kurudi hapo hapo mlangoni, haimfikii mtu. Ilihitaji tundu la kutokea, upande wa pili.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya ile wiki tuliyodhani ni mbwembwe. Alifumba macho, mimi nikiona dakika zinakwenda, akaanza kusema peke yake, haraka. Walilehemu wakiwa ndani. Wasingeweza kulehemu ndani wakaishi kwa tundu moja. Walikuwa na la pili, wakaliziba mwisho, kwa nje. Kisha akanitazama.

"Jumanne ulipokuwa nje, ni wapi nyundo ilikuvunja moyo?"

Nilikumbuka. Upande wa kushoto, chini ya taruma la tatu, nyundo ilitoa mlio wa kizembe, kama unapiga debe lenye kitambaa. Nilimwambia wakati ule, naye akaweka alama ya chaki. Nikakimbia. Nilishuka jukwaa la nje kwa kuruka, nikaiona chaki, nikakwangua rangi kwa tindo, na pakatoka bamba dogo la duara, lenye boliti sita zilizoliwa na kutu. Hakuna moto, alikuwa amenionya nikikimbia: kwa nyundo tu. Nikaishika nyundo kubwa na kidole changu kilichovunjika, nikapiga. Ya kwanza ikatoka kwa pigo moja. Ya pili kwa mawili. Ya tatu ikakataa. Nikawa napiga na kusema kwa sauti kila nililokuwa nimelinyamazia, kwamba si jina la meli, sikusomewa, nilidanganya, si jina la meli. Hakuna aliyenisikia ila bahari. Boliti ya tano ilipokatika, bamba likazunguka lenyewe kwenye ya sita likaning'inia, na hewa ikatoka kwa nguvu usoni pangu, ya baridi, ina ladha ya chuma, kama kulamba ufunguo.

Niliporudi juu, Fundi Athmani alikuwa amelala kifudifudi kwenye kutu na grisi na kanzu yake ya Ijumaa, mkono na bega ndani ya tundu, na upondo wenye ndoano. Akamnasa Mutiso kwenye mkanda wa ovaroli. Tukavuta watu wanne. Mabega yalikwama, tukayapindua, yakapita. Uso wake ulikuwa na rangi ambayo sitaki kuwaeleza. Fundi akamfunika mdomo kwa mdomo wake akampulizia, akapumzika, akampulizia. Mmoja wa gengi akaanza kusoma dua, mwingine akaanza sala ya kikristo, wakasikilizana, wakaendelea pamoja. Kisha Mutiso akakohoa.

Akapelekwa hospitali. Mimi nikafungwa kidole.

Kesho yake nilikwenda Kibokoni nikamkuta Fundi kwenye baraza ya nyumba yake, nikamweleza yote, pamoja na lile neno la kwenye mabomba. Nilingoja anitukane. Alikuwa akimtazama mkewe akiiloweka ile kanzu mara ya tatu.

"Nenda ukasomewe," akasema.

Nikasema haina faida tena.

"Nenda ukasomewe. Kisha ukamsomee yeye."

Meli ya magari ilikuwa bado bandarini. Nilimpata fundi wa injini, Mjapani wa makamo, anavuta sigara kwenye ngazi. Nikamwonyesha daftari. Alisoma, akanirudishia kwa Kiingereza cha polepole: chumba kitupu, ingiza hewa kwanza. Ni maneno ya kawaida, akasema, yapo kila meli. Akaniuliza nimeyatoa wapi. Nilipomweleza juu ya distroya, na omo, na safari ya kinyumenyume, alizima sigara. Akaomba kalamu yangu. Akazipitia zile fito nilizochora, akasahihisha mbili nilizozikosea, taratibu, kama mwalimu. Kisha akainama kidogo, na mimi sikujua kuinama, nikampa mkono.

Hospitalini nilimwambia Mutiso. Alikuwa ameketi kitandani akijaribu kunywa uji, na kijiko kilikuwa kinagonga meno yake, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka. Haukuacha tena. Mkono uliokata chuma kwa rula haukushika tena moto wa gesi. Nilimwambia yalivyosema yale maandishi, na nilivyomwambia mimi.

Nikasimama niondoke.

"Nani alifungua kile chumba?" akauliza.

"Wewe."

"Basi nachagua. Mlikuta nini?"

Nikamwambia: kiatu kimoja cha mpira, cha fundi wa Kijapani, chenye nafasi ya kidole gumba peke yake, na birika lililotoboka. Hakuna kingine.

"Nataka kile kifuniko. Kisiende tanurini."

Nikamwambia si kitu cha ndani, ni mlango. Akasema mimi si wa kumfundisha lililo kweli na lisilo kweli. Nikaenda nikakichukua.

Alifanya kazi ya stoo kwa muda, kisha akarudi kwao. Tumezeeka sasa, tunapigiana simu. Kifuniko ndicho kengele yao, kimetundikwa kwenye mti nje ya kanisa kwa mnyororo, maandishi meupe yakitazama barabara, na ameyatafsiri, kwa hiyo kila Jumapili mzee wa kanisa hafungui mlango kabla ya madirisha yote kuwa wazi. Mpigaji ni Mutiso mwenyewe, hampi mtu mwingine nyundo yake. Jumapili iliyopita aliinua simu nisikilize. Mtu mwingine angekipiga chuma kile, kingelia mara moja. Akipiga yeye, kwa ule mkono unaotetemeka, hulia mara mbili.